Kidonda cha kinywa kisichopona: kabla hujausingizia ukoo

Familia nyingi za wagonjwa wa saratani ya kinywa, hata kabla ya kuniuliza kama mgonjwa atapona, huniuliza kwanza: "Daktari, hii ni ya ukoo?" Natibu kinywa na meno huku Tanga, na nimeona jibu la swali hilo linavyopokewa nyumbani. Wakiamini ni ya ukoo, ndugu wa mgonjwa wanakaa kungoja zamu yao. Wakiambiwa siyo, wapo wanaojiona salama na kurudi kwenye tambuu na kuberi, ile tumbaku ya kutafuna, kama kawaida. Kwa hiyo silijibu kwa neno moja.

Kila saratani huanza na hitilafu kwenye vinasaba vya seli. Lakini hitilafu hizo, kwa saratani ya kinywa, mara nyingi sana hatuzaliwi nazo, tunazipata ukubwani. Mwilini kuna protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Moshi wa sigara, pombe na popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, huharibu vinasaba vya seli za kinywa kidogo kidogo kwa miaka, na jeni inayotengeneza p53 ni mojawapo ya zinazoharibika mara kwa mara. Hapo ndipo seli mbovu inapopata nafasi ya kuzaana. Mwanao hairithi hitilafu iliyotokea kwenye shavu lako. Anachoweza kurithi ni desturi ya nyumbani, na kama babu, baba na mtoto wote wanatafuna, saratani itaonekana kama ya ukoo.

Popoo nalisisitiza kwa sababu hapa pwani watu wanadhani ubaya wa tambuu uko kwenye tumbaku tu. Sivyo. Tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Nina wagonjwa ambao shavu limekakamaa hadi mdomo haupokei vidole vitatu vilivyosimamishwa. Hali hiyo inaweza kugeuka saratani, na mtu wa namna hiyo anatakiwa aache popoo na achunguzwe mara kwa mara hata kama hasikii maumivu.

Ya kurithi kweli ipo, ila ni nadra. Mfano ni ugonjwa wa damu uitwao anemia ya Fanconi: anayezaliwa nao seli zake hushindwa kukarabati vizuri vinasaba vilivyoharibika, na anaweza kupata saratani ya kinywa akiwa kijana mdogo asiyevuta wala kunywa. Kama kwenu kuna mtoto mwenye ugonjwa huo, kinywa chake kikaguliwe maisha yake yote.

Sasa virusi. Mzee mmoja aliletwa na binti yake, ana uvimbe shingoni, hauumi. Hajawahi kushika sigara, pombe hagusi. Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa TB ya tezi kwa miezi kadhaa, mahali pengine, bila kinyama kuchukuliwa kwenye uvimbe na kupimwa, na uvimbe ukazidi kukua. Kumbe ni saratani, na chanzo kilikuwa nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, mahali ambapo mtu akijitazama kwenye kioo haoni kitu. Saratani za eneo hilo na za mafindofindo ndizo zinazohusishwa zaidi na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, kirusi kilekile cha saratani ya mlango wa kizazi. Kinatengeneza protini mbili: moja inaiharibu ile p53, nyingine inazima protini mwenzake iitwayo Rb. Matokeo yanafanana na ya tumbaku, kwa njia nyingine. Sehemu ya mbele ya kinywa, yaani fizi, mashavu na ulimi unaouona, HPV inahusika kwa kiasi kidogo. Huko tumbaku, pombe na popoo bado ndio wakubwa.

HPV hufika kooni zaidi kwa ngono ya kinywa. Naieleza hivyo hivyo, bila kumfedhehesha mtu. Wengi walioambukizwa, mwili hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na saratani hutokea miaka mingi baadaye. Kwa hiyo, binti, usimgeukie mama yako kumuuliza baba alikuwa wapi. Ugonjwa huu hautoi ushahidi wa usaliti wa ndoa. Na chanjo ipo: Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja tu. Uvumi kwamba inafunga kizazi si kweli. Mpeleke mwanao.

Kwa watoto kuna jambo la haraka zaidi. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, akaanza kuifuatilia saratani hiyo ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho karibu sisi sote tunacho. Ila mtoto anayeugua malaria tena na tena, kinga yake inazidiwa, na katika seli moja ya damu kipande cha kromosomu namba 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba) kinahamia mahali pasipo pake. Jeni ya kuhimiza ukuaji inawaka bila kuzimwa. Uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto ambaye meno yanalegea kabla ya wakati, fizi zimevimba na taya linabadilika sura, usimpeleke kung'olewa meno. Mpeleke hospitali kubwa siku hiyo hiyo, maana dawa za saratani huuponya vizuri ukiwahiwa.

Nyumbani, jikague kwenye mwanga. Shika ncha ya ulimi kwa shashi au kitambaa safi, uvute kulia na kushoto utazame kingo zake, kisha uunyanyue uone chini. Kidonda kilichozidi wiki mbili hadi tatu, doa jeupe lisilopanguka, na hasa doa jekundu laini kama mahameli, vipeleke kwa daktari. Kwa mwenye VVU, tazama pia madoa ya zambarau kwenye kaakaa.

Halafu usikimbie kipimo cha kinyama. Naambiwa, "Daktari, wanasema uvimbe ukichokozwa unasambaa." Hapana, mama. Unasambaa kwa sababu ni saratani na hujatibiwa. Tunachoma ganzi, tunakata kipande kidogo, tunashona. Majibu yakitoka, omba nakala na uitunze nawe, usiiache kwenye faili tu. Kama chanzo ni mafindofindo au shina la ulimi, uliza kama kinyama kimepimwa HPV, maana zenye HPV kwa kawaida huitikia matibabu vizuri zaidi. Na ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au ya Muhimbili, nakala hiyo ndiyo ya kwanza kuiweka mkobani.