Nyinyi wa gametofiti, hebu njooni hapa

Jana nimemkuta mdogo wangu mmoja wa mwaka wa tatu anazipulizia maji sahani zake za gametofiti (vile vimea vidogo vinavyoota kutoka kwenye spora na kutoa gameti) za kangaga mti, ule mmea usio na maua wala mbegu wenye shina kama mti, kwa juu, zote kwa chupa ileile, huku anaimba. Moyo ukanipiga paa! Nilijiona mimi. Haya, kalamu mkononi.

1. Spora, yaani zile chembe za uzazi za kangaga, kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni. Nailoni hutunza unyevu, unyevu huleta ukungu.

2. Maji ya bomba ya hapa Dodoma yaosheeni vikombe tu. Yana chumvi. Agari, ile jeli ya kuoteshea, ipikwe kwa maji yaliyokenekwa.

3. Spora hazimwagwi kama uwele wa kuku. Kwa makangaga mengi, gametofiti iliyotangulia huwa jike, hutoa antheridiojeni (kemikali ya kuamrisha udume), na zilizochelewa zinageuka madume. Zikibanana mtaona antheridia (viungo vya kiume) tupu, kisha mje kwangu mnalia kwamba spishi haina arkegonia (viungo vya kike).

4. Kutenga. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na spora za Alsophila manniana, kangaga mti, kutoka Uluguru, nikitaka kujua kama gametofiti moja inaweza kujitungisha yenyewe. Nilikuza zote pamoja, nikazipulizia kila asubuhi kama maua ya bibi harusi. Miezi mitatu ilipotimia nikatenga sitini, kila moja na sahani yake. Wiki zikapita, vijani vya sporofiti (kangaga lenyewe, mtoto wa utungisho) vikachomoza karibu kila sahani. Nikatengeneza slaidi. Nikampigia mama simu, yeye hata hakujua kangaga ni nini, akashukuru Mungu.

Msimamizi wangu akauliza kwa upole, "Kabla ya kuzitenga ulikuwa unamwagiliaje?"

Kwa juu, mwalimu.

Akavua miwani.

Gameti ya kiume ina flajela nyingi. Ikipata utando mwembamba tu wa maji, inaogelea hadi kwa jirani. Nilikuwa nimewafungia vyumbani wake waliokwisha olewa! Nikaanza upya: nikatenga kabla antheridia hazijatokea, nikanywesha kwa chini, na nilipohakikisha gametofiti ina viungo vyote viwili, vya kiume na vya kike, na vimekomaa ndipo nikalowesha. Safari hii zilichomoza chache mno. Mtoto wa gametofiti iliyojitungisha ana nakala mbili zinazofanana za kila jeni, kwa hiyo jeni mbovu haina pa kujificha, na viinitete vingi hufa.

5. Lebo kwa penseli.

Huyo mdogo wangu nilimwuliza sahani zina umri gani. "Wiki tisa, kaka. Kesho natenga." Nikavuta kiti, nikamwomba darubini.