Fundi Anajibu: Kreti Bado Haijafika

*Shikamoo fundi. Watoto wangu wawili walihesabu siku kwa miezi mitatu wakisubiri kupanda roli kosta moja tu, ile treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye bustani ya michezo. Tumesafiri, tumelipa, tumeingia, tukakuta kibao: "Imefungwa, tunasubiri spea." Mhudumu akatuambia huu ni mwezi wa nne. Yule mdogo alilia mpaka akalala begani kwangu. Naomba kujua, ni spea gani hiyo ya miezi minne? Gari langu likiharibika napata spea siku hiyohiyo. Na kama imechelewa, kwa nini wasimpe fundi mzuri akaichonga?*
*Mama wa watoto wawili*

Marahaba, mama. Pole sana, na yule mdogo mpe pole yangu. Nimefanya kazi chini ya reli hizo miaka ishirini na miwili, na mtoto aliyeshika uzio akiitazama treni iliyosimama ni kitu ambacho sijawahi kukizoea.

Gari lako lina pacha wake barabarani maelfu kwa maelfu, ndiyo maana spea zake zimejaa madukani. Roli kosta nyingi zina ndugu wachache tu duniani, na nyingine hazina hata mmoja. Ukiagiza ekseli, yaani fimbo ya chuma inayoshika magurudumu, mara nyingi hakuna rafu ya kuichukua. Kiwanda kinatoa mchoro, kinatafuta chuma cha daraja lilelile, chuma hicho kinafuliwa, kinachongwa, kinapashwa moto na kupozwa kwa kipimo, kinakaguliwa, kinaandikiwa cheti. Kila hatua ina foleni yake. Watengenezaji wenyewe ni wa kuhesabu: Intamin wako Liechtenstein, Bolliger & Mabillard Uswisi, Mack na Gerstlauer Ujerumani, Vekoma Uholanzi, Zamperla Italia. Mashine ikiwa bara jingine, ongeza meli na forodha. Machi 2021 meli ya Ever Given iliziba mfereji wa Suez siku sita, na kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Kreti yenye ekseli yetu husafiri pamoja na makontena ya wengine wote, wala haina njia yake ya mkato.

Sasa hilo la kuchongesha. Nitakueleza kwa kirefu, maana nimeulizwa mara nyingi.

Kila mwaka treni hufunguliwa vipande vipande. Kipande cha chuma kinachobeba uzito tunakisafisha mpaka kinang'aa, tunakitia sumaku, tunakimwagia maji yenye chembe laini za chuma, halafu tunazima taa na kumulika taa ya urujuanimno (UV). Kama kuna ufa, zile chembe hujikusanya hapo na kung'aa kijani, mstari mwembamba kama uzi wa buibui. Mwaka mmoja niliuona uzi huo kwenye ekseli ya gari la tatu, urefu wake haufiki ukucha wa kidole kidogo. Mchana, kwa macho, ekseli ile ilikuwa nzima kabisa. Tukaagiza mpya, tukaambiwa wiki kumi na nne.

Wiki ya tano, bosi wetu, mtu niliyemheshimu, alikuja na ekseli iliyochongwa kwenye karakana ya karibu kwa siku tatu. Niliziweka mbili mezani, zikafanana kama mapacha. Kipenyo sawa, urefu sawa, matundu sawa. Tukaipima ugumu wa uso wake, namba ikawa chini kabisa ya ile iliyoandikwa kwenye mchoro. Chuma cha namna hiyo hakivunjiki siku ya kwanza. Kinabeba, kinapinda kidogo kisichoonekana, kinarudi, mamia ya mara kwa siku, mpaka kinachoka. Kinavunjika baadaye, wakati watu wamekwisha kukiamini. Sikutia saini, na mashine ikabaki imefungwa.

Wala si kwamba fundi wa pale hakuwa hodari. Alichonga alichoonyeshwa. Hakuwa na mchoro wa mtengenezaji, hakujua chuma kilipashwa moto kiasi gani, na hakukuwa na mhandisi wa kukubali kazi yake kwa maandishi. Bustani inaweza kuchongesha kihalali, ila kwa idhini ya mtengenezaji au mhandisi mwenye sifa, na chuma chenye cheti. Hayo nayo huchukua wiki.

Mama, ubaya wa mashine hizi hujificha. Julai 2017, mkono wa Fire Ball, mashine kubwa ya kubembea, ulikatika ikiwa hewani kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, kijana mmoja akafa. Mtengenezaji, KMG ya Uholanzi, alieleza kwamba kutu ilikuwa imekula boriti kwa ndani. Mashine za aina hiyo zikasimamishwa kwingineko. Nikikumbuka siku ile, kusubiri kreti hakunisumbui.

Lakini kwenye kibao nakuunga mkono moja kwa moja. Mashine iliyofungwa miezi minne ilipaswa kutajwa mahali mnaponunulia tiketi, kabla hamjalipa, si ndani ya geti. Waandikie hivyo na udai haki yako. Tena waulize kama ile spea ilikuwa stoo. Spea inayojulikana kuchukua miezi huagizwa kabla ya ya zamani kufa, na uongozi unaokataa kununua akiba ili kupunguza gharama unawahamishia watoto wako gharama hiyo. Hilo nimelisema vikaoni, nalisema na hapa. Safari ijayo, piga simu wiki ileile ya kwenda. Ukiambiwa ni matengenezo ya kila mwaka, omba tarehe ya kufungua, kwa kawaida ipo. Ukiambiwa "hadi taarifa nyingine", panga safari kana kwamba mashine hiyo haipo.

*Fundi, roli kosta ya kwetu inafanya kazi lakini kwa treni moja, ya pili imefunikwa turubai. Foleni imekuwa maradufu. Je, treni moja ni salama?*
*Msomaji wa siku nyingi*

Ni salama, na hesabu yake ndiyo hiyo uliyoiona. Chukua treni ya viti 24: ikiondoka moja kila dakika mbili, watu 720 hupanda kwa saa. Treni ikibaki moja, lazima izunguke, irudi, ishushe na kupakia kabla ya kuondoka tena, na mara nyingi unabaki na nusu ya hao.

Ile ya turubai huenda inasubiri magurudumu. Kila kona ya gari ina ya juu, ya pembeni na ya chini ya reli, mengi yakiwa ya alumini iliyovishwa poliurethani, plastiki ngumu inayofanana na mpira, na joto la mwendo huyamaliza haraka. Au huenda imenyofolewa spea kuisaidia mwenzake. Mafundi hufanya hivyo, nami nimefanya, kwa sharti moja: kila kipande kiwe na namba yake na saa zake za kazi zihame nacho kwenye daftari. Kipande kikihama bila daftari, hakuna anayejua umri wake, na hapo mimi nakitoa.

*Kampuni iliyotengeneza roli kosta niipendayo ilifilisika zamani. Imefungwa mwaka mzima kwa kukosa spea. Itarudi kweli?*
*Kijana, miaka 16*

Inaweza, mwanangu. Kampuni ya Arrow, iliyotengeneza reli za mabomba ya chuma za roli kosta ya Matterhorn pale Disneyland, Marekani, mwaka 1959, ilifilisika 2001, na mali zake zikanunuliwa na kampuni nyingine, S&S. Kampuni ya Anton Schwarzkopf nayo ilianguka miaka ya 1980, lakini aliyekuwa mfanyakazi wake, Hubert Gerstlauer, alianzisha kampuni inayojua kazi zile. Michoro ikipona, spea hutengenezeka. Kinachosumbua zaidi ni kompyuta ya kuongoza breki na vihisi vinavyoitambua treni: ikiwa ya miaka ya 1980, kadi yake ya elektroniki haitengenezwi tena, na kubadili mfumo mzima ni kazi ya miezi ikifuatiwa na majaribio mengi bila abiria.

Hata mashine iliyojengwa upya huweza kukaa imefungwa muda mrefu. Roli kosta ya Top Thrill 2 kwenye bustani ya Cedar Point, Marekani, yenye mnara wa mita 128, ilifunguliwa Mei 2024, ikafungwa baada ya siku chache ili Zamperla warekebishe magari yake, na wapandaji walirudi 2025.

Ukifika kwenye uzio, tazama treni ziko wapi. Zikiwa ndani ya karakana, magurudumu yametolewa na kupangwa kwa namba sakafuni, kuna mtu anaifanyia kazi. Zikiwa zimeachwa nje mvuani na nyasi zimepanda kwenye nguzo, muulize fundi yeyote utakayemwona hapo. Atakuambia ukweli.