Goita inapobana njia ya hewa: altrasaundi au CT?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, anaishi Njombe na ana goita kwa zaidi ya miaka 20. Tangu mwaka jana hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Altrasaundi imeonyesha tezi kubwa pande zote mbili, na sasa daktari ameagiza CT skani akaandika "bila dawa". Je, altrasaundi haikutosha?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Altrasaundi ilijibu swali lake: ukubwa wa tezi, na kama vinundu vyake vinatia shaka. Kinachomsumbua mama yako, hata hivyo, ni bomba la hewa lililo nyuma ya tezi, na kwa kuwa mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa wala hewa, goita iliyoteremka nyuma ya mfupa wa kidari, kama zifanyavyo nyingi za miaka mingi, haionekani yote. Tazama kama ripoti yake inasema kwamba mwisho wa chini wa tezi haukuonekana.

CT hutoa picha za vipande vyembamba kutoka shingoni kwenda chini, nami husisitiza zifike pale bomba linapogawanyika kuingia mapafuni, kwani picha za shingo pekee huweza kuiacha sehemu iliyobanwa. Bomba zima huwa karibu na duara lililobapa kwa nyuma. Likibanwa pande zote mbili huwa jembamba mfano wa ala ya jambia. Hapo palipo pembamba kuliko pote ndipo tunapopima. Kwa mwanamke mtu mzima, upana wa kawaida ni kati ya milimita 10 na 21. Ukishuka chini ya milimita 8, pumzi huanza kumkatikia anapopanda kilima, na ukikaribia 5, pumzi hukoroma au kupiga mluzi hata akiwa ametulia. Bomba kusukumwa upande, jambo ambalo hata eksrei huonyesha na huwatisha wengi, si lazima liwe limebanwa.

Ama "dawa", hiyo ni iodini inayodungwa mshipani ili kung'arisha picha. Kwa swali hili haihitajiki, maana hewa ni nyeusi kabisa kwenye CT na ukuta wa bomba hujitokeza wenyewe. Tena iodini nyingi yaweza kuichochea goita yenye vinundu imwage homoni kupita kiasi wiki kadhaa baadaye. Ingehitajika endapo saratani ingeshukiwa, na hata hapo ningetaka kwanza kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi.

Jambo moja husahaulika: kwenye mashine atalazwa chali, mkao uleule unaomkosesha pumzi. Waambieni wahudumu kabla hajapanda kitandani, ili kila kitu kiandaliwe angali ameketi. Upigaji wenyewe ni wa sekunde chache. Akianza kukoroma kwa pumzi akiwa ameketi, msingoje tarehe ya kipimo, mpelekeni kitengo cha dharura siku hiyohiyo.