Kupausha singa za mkonge: kabla ya dawa, tazama chombo

Wanaoanza kazi hii huuliza kwanza dawa ni kiasi gani. Mimi ningeanzia kwenye sufuria.

Haidrojeni peroksaidi, ndiyo dawa yenyewe ya kupausha, na chuma havipatani. Kutu kidogo ndani ya pipa, au maji ya kisima yenye chuma, hufanya dawa ifoke povu na kuisha nguvu kabla haijafanya kazi. Pale kutu iliposhika, singa huungua. Kwa macho utaiona nyeupe safi. Ivute kwa vidole, inakatika kama tambi. Sufuria za alumini nazo ziache jikoni, kostiki soda inazila. Tafuta ya stenlesi.

Utashawishika kutumia jiki kwa kuwa ni rahisi. Kwenye pamba inakubali, maana pamba karibu yote ni selulosi, yaani uzi mtupu wa mmea. Mkonge una lignini, gundi ya asili inayokaza mmea, karibu asilimia 10, na klorini ya jiki ikikutana nayo singa hugeuka manjano na kudhoofika. Tena jiki usiichanganye kamwe na siki wala asidi yoyote: hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaua.

Kipimo cha kuanzia, kwa kila lita ya maji: silikati ya sodiamu gramu 3 hadi 5, kostiki gramu 1 hadi 2, na mwisho kabisa peroksaidi ya asilimia 35, mililita 10 hadi 20. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki. Vaa glavu na miwani. Silikati usiiruke ili kubana matumizi, ndiyo inayoituliza peroksaidi isiishe upesi.

Pasha hadi nyuzi joto 80 au 90, kwa saa moja hivi. Singa zizame zote, zinazoelea hubaki na mabaka. Mfuniko usiukaze, oksijeni inayotoka itaurusha.

Suuza sana, halafu maji ya mwisho yawe na siki kidogo kuua kostiki iliyobaki. Usipunguze kusuuza, maana peroksaidi iliyobaki itakula rangi utakayotia baadaye.

Mteja mwambie mapema kwamba weupe wa mkonge haudumu kama wa pamba, mwanga huurudisha kwenye manjano polepole. Na kama oda ni ya vikapu vyeusi au vya kahawia, usipaushe kabisa. Osha kwa sabuni, tia rangi, dawa yako ibaki.