Amegongwa na dereva mlevi: tupokee laki tano na kusaini?

Swali: Wakili, mdogo wangu ni fundi seremala. Mwezi uliopita, saa mbili usiku, alikuwa akirudi nyumbani Pongwe kwa baiskeli akitokea Kange, akagongwa kwa nyuma na pikapu ya mizigo. Amevunjika paja na bado amelazwa hospitali ya Bombo. Waliofika mwanzo wanasema dereva alikuwa akinuka pombe na akiyumba. Sasa mwenye gari ametuletea shilingi laki tano pamoja na karatasi ya kusaini kwamba tumemalizana, akisema kuwa bima hailipi ajali ya mlevi, hivyo hatutapata zaidi ya hapo. Tufanye nini? (Dada wa majeruhi, Pongwe)

Jibu: Pole sana, dada, na umfikishie mgonjwa pole zangu. Karatasi hiyo msiisaini. Paja lililovunjika huchukua miezi kupona, na hakuna daktari anayeweza kukuambia leo kama mdogo wako atasimama tena mbele ya benchi la useremala siku nzima. Anayesaini kwamba wamemalizana huwa ameuza haki ambayo thamani yake bado haijajulikana. Kama mnahitaji fedha za matibabu, mnaweza kuzipokea kwa hati inayosema wazi kuwa ni sehemu tu ya gharama za matibabu na kwamba haziondoi haki ya kudai fidia.

Maneno ya mwenye gari kuhusu bima yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba kampuni inaweza kukataa kumtengenezea pikapu yake ikiwa dereva alikuwa amelewa. Lakini bima ya lazima, ile tunayoiita ya mtu wa tatu, iliwekwa kwa ajili ya watu kama mdogo wako. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaitaka kampuni ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa madhara ya mwili aliyoyapata mtu wa tatu, hata pale ambapo ingekuwa na haki ya kuuvunja mkataba na mteja huyo. Sharti mojawapo ni kampuni kupewa taarifa ya shauri, kwa hiyo iandikieni mapema, kabla shauri halijafunguliwa. Namba ya gari mnayo. Kwa namba hiyo mnaweza kuhakiki stika ya bima katika mfumo wa TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima, na kuijua kampuni yenyewe bila kumtegemea mwenye gari.

Kuhusu ulevi wenyewe, kiwango cha juu katika Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Mwili huondoa takribani miligramu 15 kwa saa, maana yake dereva aliyekuwa na 120 saa mbili usiku anaweza kupimwa saa tano akaonekana yuko chini ya kiwango. Ulizeni kituoni kama alipimwa kwa kipima ulevi au kwa damu, na saa ngapi. Kama hakupimwa, msikate tamaa: katika shauri la madai mnatakiwa kuthibitisha kwa uzito wa ushahidi tu, yaani kwamba maelezo yenu yana uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko yao, na watu waliomwona akiyumba ni mashahidi halali. Waandikisheni sasa, majina na simu zao, kwa sababu baada ya miezi sita wengine watakuwa wamehama na wengine watakuwa wameshaombwa wanyamaze.

Kesi ya trafiki dhidi ya dereva ni ya Jamhuri, na faini atakayotozwa inaingia serikalini. Mahakama hiyo inaweza pia kuamuru majeruhi alipwe fidia, nanyi mwombeni mwendesha mashtaka alitamke ombi hilo, lakini msilifanye kuwa tegemeo lenu la pekee. Shauri la madai mnalifungua wenyewe, dhidi ya dereva na dhidi ya mwenye gari pia, iwapo dereva alikuwa katika kazi aliyomtuma. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na saa haisimami kwa sababu kesi ya jinai inaendelea. Hata hivyo, dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa, na itawapunguzia kazi kubwa.

Jambo moja watawauliza: je, baiskeli ilikuwa na taa? Jibuni kweli. Kutokuwa na taa kunaweza kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa majeruhi, hakuifuti.

Fedha zilizotumika, yaani dawa, nauli, magongo na kazi alizozikosa, zinahitaji kuthibitishwa moja baada ya nyingine, ilhali maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama. Kwa hiyo tunzeni nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ramani ya ajali, picha za eksirei na kila risiti, na muwaombe wateja wake waandike kazi alizokuwa amepokea oda. Kama gharama za wakili ni kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu asiye na uwezo kusaidiwa bure, nanyi mnaweza kuanzia ofisi ya ustawi wa jamii. Mkiitwa na kampuni ya bima, nendeni na nakala tu. Hati halisi zibaki nyumbani.