Hibernate kukubali kweri (query) bila select

Yaya, unauliza kama ni bug juu Hibernate (library ya Java ya kuongea na database) inakubali kweri "from Mteja" bila select: haiko bug. Hiyo "from Mteja" bila select inapita juu Hibernate, kama hujaiambia kitu, inakubali HQL yake (luga yake ya kweri), JPQL, luga ya kweri ya standadi ya JPA, njo inadai select, angalau kwa version za mbele ya Jakarta Persistence 3.2. Ukitaka ikatae, weka mu persistence.xml (fichier ya mipangilio ya JPA) hibernate.jpa.compliance.query=true, na kama uko na Spring Boot unaanza na spring.jpa.properties alafu unaendelea na jina ileile. Jina hii ilikuja na Hibernate 5.3, mbele yake ilikuwa hibernate.query.jpaql_strict_compliance, njo sababu code za zamani haziitambue.

Iko pia hibernate.jpa.compliance peke yake mu Hibernate za leo, inawasha pamoja mipangilio yote ya kufuata JPA kabisa (.query, .proxy, .closed na zingine), lakini minakushauri usiiguse bila kusoma. Siye tulifanya hivyo hapa Goma kwa programu ya stoki, database iko mbali, koneksyo ya kubembeleza, na mara logi ikajaa select ambazo hakuna mutu aliandika. Ilikuwa ile ya .proxy: kwa kawaida ukiita getId() kwa proxy (objet inasimama pa nafasi ya row yenye haijasomwa bado), Hibernate haiendi ku database juu id iko nayo tayari, ukiweka true inaenda kutafuta row kwanza, na kama haiko inatupa EntityNotFoundException. Tukarudisha hiyo moja false, .query tukaiacha true juu siku moja tunaweza hamia EclipseLink, library ingine ya JPA.

Na ile ya .closed, ukiweka true, close() mara mbili ku EntityManagerFactory inakupigia IllegalStateException, bila hiyo inanyamaza tu.