Jibu: Kombi iliyoshushwa injini, usiiache hapo

Mkuu, umeuliza utamalizaje injini ya Volkswagen Kombi uliyoishusha miezi 11 iliyopita, na sasa hata kuitazama hutaki. Pole sana. Yangu, ya injini ya cc 1600, ilikaa Tabata chini ya turubai mwaka na nusu. Kilichonirudisha ni kuacha kuiwaza injini nzima: jioni moja, kazi moja. Leo ringi za pistoni ya kwanza tu, kesho ya pili.

Ila hewa ya Dar haikusubiri, mimi nilikuta kutu nyekundu ndani ya silinda. Silinda zako zipake oili leo hii.

Siku nilipopima nafasi ya valvu (uwazi kati ya valvu na mkono unaoisukuma), milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na fila, kile kibati chembamba cha kupimia, ikapita kwa kubana kidogo, nilikosa usingizi kwa furaha. Spea zikikusumbua, tutaenda wote kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo.